Otakar Asimama Kiko Kikiwaka

Otakar Maleček alikuwa mtu mwoga, na sisemi hivyo kumdharau. Mwenyewe alijijua, na aliwahi kuniambia kwamba ni woga uliomfanya awe mfanyakazi mzuri wa reli. Kwa miaka kumi na tisa alikaa kwenye kibanda cha ishara cha kituo chetu cha Hrabice, akivuta mitaimbo inayohamisha treni kutoka reli hii kwenda ile, na kila alipovuta mmoja alirudi kuutazama mara mbili. Hakuna treni iliyogongana kwenye zamu yake. Mimi naitwa Bohumil. Nilikuwa mwokaji mikate barabara iliyopita nyuma ya kituo, na urafiki wetu uliletwa na viko vya tumbaku.

Ota, kama tulivyomwita, alikuwa na viko kumi na vinne, amevipanga kwenye ubao aliouchonga kwa mkono wake. Vingi vilikuwa vya mzizi mgumu ule unaochimbwa kando ya Bahari ya Kati. Viwili vilikuwa vya mti wa cheri, vya kuvutia bustanini. Kimoja kilikuwa cha jiwe jeupe la Uturuki, alichorithi kwa babu yake, ambacho kwa kuvutwa miaka sitini kilikuwa kimegeuka rangi ya asali. Kila kiko kilikuwa na tumbaku yake. Kilichozoea tumbaku nyeusi ya Kupro, ile inayokaushwa kwa moshi hadi inanuka kama nyama iliyotundikwa jikoni, hakikuruhusiwa kuguswa na tumbaku tamu ya manjano inayonukia majani makavu. Siku moja nilichanganya kwa bahati mbaya nikiwa kwake. Hakunigombeza. Alikichukua kile kiko, akakisafisha kwa pombe kali na chumvi, akakipumzisha wiki tatu kama mgonjwa.

Tumbaku ya dukani kwetu ilikuwa ya pakiti za karatasi, kali na kavu. Ota aliitia mvuke, akaichanganya na vipande vya plamu kavu, akaigandamiza chini ya matofali mwezi mzima, na ikitoka hapo hungeamini ni ile ile. Lakini furaha yake kubwa ilikuwa kifurushi cha binamu yake wa Hamburg. Mara mbili kwa mwaka kilifika na chokoleti, soksi, na makopo mawili au matatu ya tumbaku ya Kiingereza. Makopo hayo hakuyafungua peke yake. Aliyaleta Jumanne kwenye klabu, kila mtu akachukua kipimo cha kiko kimoja, kisha tukaanza kubishana.

"Nasikia karafuu," mmoja angesema.

"Karafuu wapi? Hiyo ni soksi ya binamu."

Klabu yetu ilikuwa na watu wanane. Tulikutana chumba cha nyuma cha baa ya Ludmila Tomsová, mjane mnene mwenye sauti ya kondakta wa treni, ambaye naye alivuta kiko na kutushinda wengi wetu. Alikuwamo Daktari Stehlík wa meno, mtu mwembamba, msafi, asiyecheka haraka, ambaye kaka yake alikimbilia nchi za nje mwaka wa sitini na nane. Hao watatu na mimi ndio wanaohusika na habari hii. Wengine walikuwa watu wazuri tu wa bia na moshi.

Mwezi wa kumi mwaka 1974 kifurushi cha Hamburg hakikufika. Badala yake Ota alipata barua ya mistari miwili: afike siku ya Alhamisi saa tatu asubuhi, chumba namba fulani, ghorofa ya tatu ya jengo la halmashauri, walikokaa watu wa usalama, kwa mazungumzo.

Huko, alivyonisimulia baadaye, alimkuta mwanamume wa makamo mwenye fulana ya sufu na uso wa mwalimu wa jiografia. Alijitambulisha kwa jina la Karas. Mezani palikuwa na kopo la tumbaku ya Kiingereza, limefunguliwa. Kando yake kulikuwa na soksi jozi mbili.

"Karibu, Ndugu Maleček. Keti. Hutajali nikivuta?"

Karas akatoa kiko mfukoni, kiko kipya cha bei rahisi chenye rangi ya kung'aa, akachota tumbaku kwenye lile kopo. Akaijaza akiisukuma kwa kidole gumba kama mtu anayeziba ufa. Ota alitazama. Alisema, pamoja na hofu yote, hakuweza kuacha kuitazama ile tumbaku ikisongwa namna ile. Karas akawasha. Kiko kikazimika. Akawasha tena, akavuta kwa nguvu, kikaanza kukoroma mate.

"Tumbaku gani hii inauma ulimi hivi?" Karas akauliza.

"Umeishindilia mno, Ndugu," Ota akasema, na papo hapo akatamani angejing'ata mdomo.

Karas akacheka. "Unaona? Ndiyo maana tunahitaji wataalamu." Kisha akaanza kuongea polepole, kwa upole. Aliijua klabu. Alijua nani hukaa kiti gani. Alijua kwamba Jumanne moja ya mwezi wa tisa Ota alisema nyama ya dukani kwetu ni ya farasi aliyekufa kwa huzuni. Hakukasirika, alisema yeye mwenyewe alicheka alipoisoma. Alichotaka ni kitu kidogo. Daktari Stehlík hupata barua. Huongea habari za kaka yake. Ota angesikiliza tu, na mara moja kwa mwezi yeye na Karas wangekutana wavute pamoja.

"Mimi si mtu wa kukumbuka maneno, Ndugu."

"Unakumbuka ratiba nzima ya treni." Karas akageuza karatasi. "Binti yako Alena anamaliza shule mwakani. Ameomba kusomea udaktari. Safi sana. Nafasi ni chache, wajua. Wanaosaidia nchi, nchi nayo huwatazama watoto wao."

Hakumwambia asaini chochote siku hiyo. Alimpa namba ya simu na muda hadi mashindano yetu ya kuvuta kiko ya Novemba yapite. Hayo nayo aliyajua. Ota alipoinuka, Karas alimsukumia kopo. "Chukua. Ni lako."

Ota akalichukua, kwa sababu aliogopa kulikataa. Njiani akalitupa mtoni, kisha akasimama darajani akijiuliza kama kuna aliyemwona akilitupa.

Siku zilizofuata hakutulia. Kibandani aliutazama kila mtaimbo mara tano, mara sita. Mkuu wa kituo alipopiga simu kumuuliza tu saa, aliangusha kikombe. Kilichomlemea zaidi hakikuwa Karas. Ni ule utani wa nyama ya farasi. Aliusema kwenye chumba cha nyuma, mlango umefungwa, mbele ya watu saba. Kwa hiyo mmoja wa wale saba alikuwa tayari anakwenda ghorofa ya tatu. Ota alianza kutupitisha kichwani, mmoja mmoja. Alinipitisha na mimi. Nakumbuka Jumanne hiyo alivyonitazama nilipomwomba kiberiti, nilidhani anaumwa.

"Ota, vipi leo, umemeza kufuli?" Ludmila akamuuliza.

"Koo."

"Koo likiuma, vuta ile nyeusi ya Kupro. Ikishindwa hiyo, mwite padri."

Watu wakacheka. Ota naye akacheka, akichelewa kidogo, akitazama nani anacheka na nani anasikiliza. Daktari Stehlík alikuwa kwenye kona akisafisha kiko chake kwa waya. Alimtazama Ota kwa muda, akarudi kwenye waya wake.

Mkewe Hedvika aligundua kwa sababu ya ule ubao wa viko. Alikuwa mwanamke wa mashine za kufuma kiwandani, mwenye macho makali. Wiki ya pili alipita na kitambaa cha vumbi, akagusa kiko kimoja, cha pili, cha tatu. Vyote vilikuwa baridi na vikavu. Alimngoja Ota atoke zamu ya asubuhi, akamwekea supu ya kabichi, akakaa mbele yake.

"Una mwanamke?"

"Hedvika, jamani."

"Mwanamume aliyevuta hata siku alipong'olewa jino, leo siku kumi havuti. Ama una mwanamke, ama una kansa. Niambie lipi, nijue nilie vipi."

Ndipo akamwambia yote. Alimwambia kwa sauti ya chini sana hata Hedvika ikabidi ainame juu ya supu. Mwisho wake Ota alikuwa ameshika kijiko kwa mikono miwili.

Hedvika akakichomoa kijiko mikononi mwake. Kisha akasema, "Dada yake mama aliombwa hivyo hivyo, mwaka wa hamsini na mbili. Unajua alifanyaje? Alikwenda sokoni akawaambia wenye mboga. Akamwambia na mhunzi. Jioni yake mji mzima ulijua. Hawakumwita tena. Msikilizaji anayejulikana na kila mtu atawasaidia nini?"

"Na yeye alipatwa na nini?"

"Alihamishwa kutoka ofisi ya posta. Akawa anafagia."

"Na Alena?"

"Usinitajie Alena." Akasimama, akageukia jiko. Aliposema tena, alisema akiwa amempa mgongo. "Ukimwandikia yule mtu hata mstari mmoja, Alena atapata nafasi, na wewe utakufa mezani hapa ukinywa supu. Ukikataa, sijui. Mimi sijui, Ota. Usiniulize kama vile mimi ndiye ninayejua."

Alena alikuwa chumba cha pili anasoma. Hawakumwita. Ota aliniambia kwamba katika mambo yote aliyoyafanya, hilo la kutomwita ndilo alilotaka kulirudia upya. Waliogopa atasema nini; kwamba angesema ndiyo, au angesema hapana. Basi wakaamua wao wawili maisha yake, na mlango umeegeshwa.

Mashindano yalikuwa Jumamosi ya kwanza ya Novemba, saa nane mchana. Ni mchezo wa subira. Kila mtu hupimiwa gramu tatu za tumbaku ile ile, hupewa njiti mbili za kiberiti na kijiti cha kushindilia. Dakika tano za kujaza, dakika moja ya kuwasha. Baada ya hapo ni pumzi zako tu. Atakayebaki na moto wa mwisho ndiye mshindi. Ukiinuka kwenye kiti kabla kiko chako hakijazimika, umetoka. Ludmila alikuwa mwamuzi, na saa kubwa ya jikoni ilikuwa mbele yake. Zawadi ilikuwa paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi na chupa ya pombe ya plamu. Ota alikuwa ameshinda miaka mitatu mfululizo. Alikuwa na pumzi ndogo za mtu aliyezoea kungoja.

Siku hiyo njiti yake ya kwanza ilivunjika. Ya pili aliilinda kwa viganja viwili kama mtu aliyeshika kifaranga, na moto ukashika. Alikuwa ameketi kati yangu na Daktari Stehlík. Niliona jasho kwenye masikio yake, na chumba kilikuwa cha baridi.

Dakika ya ishirini watu wawili walikuwa wamezimika. Dakika ya arobaini tukabaki wanne: Ota, Daktari, mimi, na mzee mmoja wa kiwanda cha mbao. Kimya. Katika mchezo huo hakuna anayeongea ovyo. Unasikia midomo ikigusa viko na saa ikigonga. Ota akavuta pumzi moja ndogo. Kiko chake kilikuwa kikiwaka vizuri, mstari mwembamba wa moshi ukipanda moja kwa moja. Kisha akasimama.

"Ota," Ludmila akasema, "keti. Nakuandika umetoka."

"Niandike."

"Kinawaka bado, mpumbavu wewe."

"Nina neno," akasema. "Nimeitwa ghorofa ya tatu. Wanataka niwasikilize nyinyi na niwaandikie. Walimtaja Daktari. Yule mtu anajiita Karas, ana kiko kipya, hajui kukijaza. Sijaandika kitu. Lakini nyama ya farasi wanaijua, kwa hiyo kuna aliyewaambia, na sitaki kujua ni nani. Mkizungumza mbele yangu, zungumzeni mkijua. Nimemaliza."

Akabaki amesimama, kiko mkononi, kwa sababu hakujua la kufanya baada ya hapo.

Nitasema nilichokisikia mimi, maana nimeahidi nafsi yangu kutopamba. Sikuona ushujaa. Nilimkasirikia. Niliwaza: kwa nini ananiingiza? Sasa wataniita na mimi, wataniuliza alisema nini, na nisipowaambia watajua nimeficha. Nilimfikiria mke wangu, tanuri langu, leseni ya unga. Niliinamisha kichwa nikitazama meza, na nilipotazama kiko changu kilikuwa kimezimika. Nilikuwa nimesahau kuvuta. Cha yule mzee wa mbao kilikuwa kimezimika vilevile. Ludmila alikuwa na kalamu hewani.

Katika kimya kile tulisikia mdomo ukigusa kiko. Puu. Kisha tena, baada ya muda. Puu. Daktari Stehlík alikuwa anaendelea kuvuta. Hakuinua macho. Alishindilia majivu yake kwa kijiti, taratibu, akavuta tena. Hakuna aliyethubutu kuondoka. Tulikaa pale dakika thelathini na moja, watu saba, tukimtazama mtu mmoja akivuta kiko, hadi moshi wa mwisho ukakatika.

"Saa moja na dakika kumi na tatu," Ludmila akasema. Sauti yake ya kondakta ilikuwa imekwisha.

Daktari akakung'uta kiko chake, akavaa koti, akafunga vifungo vyote. Mbele ya Ota alisimama kidogo. "Ungeniambia mimi peke yangu," akasema. Akatoka. Paja la nguruwe alikuwa ameliacha mezani. Hakurudi klabuni tena, na kwa miaka yote iliyobaki tukaenda kung'oa meno mji wa pili.

Ota hakupiga ile namba. Baada ya siku nne Karas alimwita mwenyewe. Mazungumzo hayakuchukua dakika tano. Alimwambia tu, bila kupandisha sauti, "Ulikuwa na binti mwenye akili." Alisema *ulikuwa*. Ota alirudi nyumbani kwa miguu, kilomita nzima, na alipofika alimwita Alena kwanza kabla ya kumwita mkewe, kuhakikisha tu kwamba anaitika.

Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata alitolewa kibandani, akapelekwa kuosha mabehewa. Vifurushi vya Hamburg vilikoma. Klabu ilifungwa kwa sababu ya ukarabati wa chumba ambao haukuwahi kufanyika. Sisi tuliobaki tulikutana barabarani tukasalimiana haraka. Mimi niliitwa mara moja. Niliulizwa kama Maleček ana matatizo ya akili. Nikajibu, huenda. Hilo nalo nililisema.

Alena alifanya mtihani wa kuingia chuo mwezi wa sita, akafaulu vizuri, na jina lake halikutoka. Alipojua sababu, alihamia kwa shangazi yake, akawa muuguzi, na kwa miaka miwili hakumsemesha baba yake. Alimrudia alipopata mtoto wa kwanza. Ota aliniambia kwamba kila mara simu ya hospitali ilipochelewa, au basi lake lilipochelewa, aliamini kwamba ndiyo sasa, watu wa Karas wamefika kwake. Haikutokea. Alena alistaafu salama. Lakini baba yake alikuwa ameishi na jambo hilo kila siku kama vile limetokea.

Alirudia kuvuta kiko, polepole, lakini hakuwahi tena kuvuta na watu zaidi ya mmoja. Huyo mmoja, baada ya miaka sita ya kupishana barabarani, nikawa mimi. Nilikwenda mlangoni kwake na pakiti ya ile tumbaku ya karatasi. Aliitazama, akanitazama, akasema, "Ina ukavu. Iingize ndani tuitie mvuke."

Serikali ilipobadilika na watu wakaruhusiwa kusoma mafaili yao, hakutaka kwenda. Hedvika alikuwa ameshafariki. Alena ndiye aliyeomba kwa niaba yake, na mwaka wa tisini na sita karatasi ikaja kwamba faili lipo. Nilimsindikiza kwa treni. Tulikaa kwenye chumba chenye mimea ya sufuriani, na msichana mpole akatuletea bahasha. Ndani kulikuwa na karatasi tatu. Ya mwisho ilikuwa ya Karas, mstari mmoja: *Hafai. Mdomo mwepesi. Ushirikiano usitishwe.*

Ota alisoma mara mbili. "Mdomo mwepesi," akasema. "Mimi?"

Karatasi ya kwanza ilikuwa ile ya nyama ya farasi, neno kwa neno. Jina la aliyeipeleka lilifunikwa kwa wino mweusi. Yule msichana akasema, "Mzee, una haki ya kuomba jina lifunuliwe. Ni fomu moja tu, unasaini hapa."

Ota alishika kalamu. Nilimwona akiitazama ile alama nyeusi, urefu wake, kama anayehesabu herufi. Nami nilikuwa naihesabu. Ingeweza kuwa Stehlík. Ingeweza kuwa Tomsová. Ingeweza kuwa mtu yeyote mwenye herufi saba au nane. Jina la ukoo wangu lina saba. Akaiweka kalamu chini. "Hapana, binti. Asante."

Tukaenda kungoja treni ya kurudi. Jukwaani palikuwa na upepo, tukakaa kwenye benchi la nyuma ya ukuta. Alijaza kiko chake, akanipa mfuko na mimi nijaze changu. Alipowasha aliendelea kutazama reli.

"Bohumil," akasema. "Ulikuwa wewe?"

"Hapana."

"Basi."

Nilisema kweli. Naapa mbele ya yeyote. Lakini ile "hapana" ilitoka imepasuka katikati, na nilijua ameisikia hivyo. Nilitaka kuirudia, vizuri zaidi, kwa sauti ya mtu asiye na kitu. Nikaona kwamba nikiirudia itakuwa mbaya zaidi. Treni ikaja, tukapanda, tukakaa tukitazamana hadi Hrabice, na alinieleza habari za tumbaku fulani ya Kupro ambayo haitengenezwi tena.

Alifariki miaka minne baadaye, usingizini. Alena alinipa viko vyake vyote kumi na vinne, akasema baba aliandika hivyo kwa mkono wake. Hakuandika kwa nini. Vipo ubaoni hapa kwangu. Ninavipangusa kila Jumamosi, na mpaka leo sijawasha hata kimoja.